Uzi Usiotoka: Jumapili ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C

Wapendwa wasikilizaji, Injili tunayosomewa leo, katika sura ya 13 ya Luka, yatuletea habari ya mtini uliopandwa katika shamba la mizabibu. Mwenye shamba ameujia miaka mitatu akitafuta matunda, naye hakupata hata moja. Akatoa amri ukatwe, kwani unaikalia ardhi bure. Ndipo mtunza shamba alipomwomba auache mwaka mmoja zaidi, ili apate kuupalilia pande zote na kuutia mbolea. Mfano huu twaufahamu tangu utotoni, na pengine kwa sababu hiyo hatuusikilizi tena vizuri. Wengi wetu huikumbuka huruma ya yule mtunza shamba tukaisahau kazi yake. Hakuomba mti usamehewe tu, kisha akaenda kukaa kivulini. Aliomba nafasi ya kuchimba. Alitaka kufika mahali ambapo jicho la mwenye shamba halikufika, yaani chini, kwenye mizizi, ajue kwa nini kinachopaswa kutoka hakitoki.

Neno hilo, kinachopaswa kutoka hakitoki, ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi leo. Nasi tutalieleza kwa chombo ambacho wakulima wa zamani hawakukijua, lakini ambacho vijana wetu wa Karatu wanakijua kuliko sisi. Chombo hicho ni mashine ya kufyekea majani.

Kwa ndugu wanaotusikiliza kutoka mbali, Karatu ni nchi ya udongo mwekundu iliyo kati ya ukingo wa Bonde la Ufa na misitu ya milima ya Ngorongoro. Mvua za masika zikianza mwezi Machi, majani huota kana kwamba yamechelewa safari. Zamani kazi ya kuyapunguza ilikuwa ya fyekeo la mkono, na hakuna mtu aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii asiyekumbuka malengelenge yake. Siku hizi, ukipita barabara ya lami iendayo lango la Loduare, utasikia mvumo wa injini ndogo katika viwanja vya hoteli za watalii, katika mashamba ya kahawa ya upande wa Oldeani, katika uwanja wa zahanati, na hata makaburini. Kijana mmoja aliyevaa buti na miwani, mashine ikining'inia begani, humaliza kabla ya saa sita kazi ambayo darasa zima lingeifanya kwa siku mbili.

Mashine hiyo haina panga. Chini kabisa, karibu na ardhi, ina kichwa cha plastiki cha mviringo, na ndani ya kichwa kumefichwa kigurudumu kinachofanana na bobini ya cherehani, ila ni kikubwa zaidi. Juu ya bobini hiyo umeviringishwa uzi mnene wa nailoni, mita kadhaa, na ncha zake mbili hutokeza nje kwa matundu mawili yanayotazamana. Injini ikinguruma, uzi ule uliokuwa laini hunyooka ukawa kama fimbo. Ni nguvu ile ile inayolinyoosha kombeo la mlinzi wa shamba la mtama anapolizungusha juu ya kichwa chake kuwafukuza ndege. Uzi haukati kwa makali, maana hauna makali. Wakata kwa mwendo.

Aliyeibuni alikuwa George Ballas, mkazi wa Houston huko Marekani, mwaka 1971. Yasemekana alikuwa akitazama gari lake likioshwa kwa zile brashi kubwa zinazozunguka, akawaza kwamba kitu laini kikizungushwa kwa kasi chaweza kufanya kazi ya kitu kigumu. Shida yake ilikuwa ndogo tu: alitaka kufyeka majani yaliyoota kando ya miti bila kuyajeruhi magome. Akachukua kopo la bati, akalitoboa, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashine izungukayo. Majirani wangeweza kumcheka. Leo hakuna pembe ya dunia ambako mvumo wa uzao wa kopo lile haujafika.

Basi, uzi huo hulika. Kila unapogusa jiwe au shina gumu, hukatika na kufupika. Kwa hiyo chini ya kichwa kimewekwa kitufe. Mfyekaji akikigonga ardhini taratibu, huku injini ikizunguka kwa kasi, springi iliyo ndani hubonyea, bobini huachiwa kidogo, na mzunguko wenyewe huuvuta uzi nje kwa sentimeta chache. Ukitoka kupita kiasi, kisu kidogo kilichofungwa kwenye kinga huusawazisha. Hakuna haja ya kuzima injini wala ya kuinama. Kwa mtu aliyezoea fyekeo, kifaa hiki ni cha ajabu.

Lakini huja siku ambapo kijana hugonga na uzi hautoki. Hugonga tena. Hugonga kwa nguvu zaidi. Huhama kutoka kwenye majani laini akaenda kugonga kwenye ardhi ngumu, kisha kwenye jiwe, kisha kwenye ukingo wa saruji. Injini inalia, majani yamesimama, na mwenye kiwanja anatazama saa. Tungependa, wapendwa, tumwangalie kijana huyo kwa makini, maana yeye si mjinga. Amefundishwa kwamba uzi hutoka kwa kugonga. Jana aligonga ukatoka. Ni haki yake kufikiri kwamba leo usipotoka, hakugonga vya kutosha.

Ukweli ni kwamba sababu imo ndani. Mara nyingi imo katika namna uzi ulivyoviringishwa tangu siku ya kwanza. Uzi ukifungwa kwa kulegea, mkunjo mmoja hujipenyeza chini ya mwingine. Kwa nje bobini yaonekana imejaa na kupendeza, lakini ndani mikunjo imekaliana. Mashine inapotetemeka, mikunjo hiyo husuguana, joto hupanda, na nailoni huanza kuyeyuka na kugandamana na jirani yake mpaka nyuzi mbili zinakuwa kitu kimoja. Uzi uliogandamana hivyo hautolewi kwa kugonga. Kila pigo, likiongezewa joto la kazi, huukaza zaidi. Na plastiki ya kitufe, isiyo na kosa lolote, hulika mpaka ikapasuka.

Wakati mwingine uzi umeviringishwa kinyume. Kwenye bobini pamechorwa mshale mdogo kuonyesha upande, ila ni watu wachache wanaoutafuta. Wakati mwingine unene si wake: kichwa kilichotengenezwa kwa uzi wa milimita 2.4 hulishwa uzi wa milimita 3, kwa kuwa dukani waliambiwa kwamba ule mnene ndio unaodumu. Udongo wetu mwekundu nao una sehemu yake. Ukichanganyika na utomvu wa majani mabichi hukauka ndani ya kichwa ukawa kama tofali, springi isipate pa kubonyea. Na yupo mfyekaji ambaye springi yake ilianguka majanini wiki iliyopita alipofungua kichwa kwa haraka, wala hana habari. Kuna jambo jingine la ajabu: uzi uliobaki nje ukiwa mfupi mno, hauna tena uzito wa kuuvuta mwenzake kutoka ndani. Mafundi husema mwenye kidogo nje ndiye atoaye kwa shida. Hapo pana mahubiri mengine kamili, lakini leo tutayapita.

Dawa ya yote hayo ni moja katika mwanzo wake. Zima injini. Subiri ipoe. Chomoa waya wa plagi ili isije ikawaka mkononi. Kisha fungua kifuniko utazame.

Miaka michache iliyopita, katika parokia mojawapo ya Karatu, jumuiya moja ndogondogo ya Kikristo ilichanga fedha ikanunua mashine ya namna hiyo, iliyokwisha kutumika. Mpango ulikuwa mzuri. Wangesafisha uwanja wa kanisa na makaburi bila malipo, na siku nyingine wangeikodisha, mapato yakanunue sare za shule za watoto yatima watatu waliokuwa wakilelewa na jumuiya. Mashine ikakabidhiwa kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda. Alikuwa mpole, msemaji haba, naye aliifanya kazi ile kwa bidii kwa muda wa miezi mitano.

Mwezi Aprili uzi ukaacha kutoka. Kijana akagonga kama alivyojua. Kitufe kikapasuka. Kazi mbili za kukodishwa zikapotea, na siku ya usafi wa makaburi watu wakalazimika kurudia mafyekeo ya mkono. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, jumuiya ikakutana chini ya mti. Tulikuwapo, kwa hiyo twaweza kusema tuliyoyasikia. Mmoja alisema kijana anafanya kazi za pembeni usiku wa manane. Mwingine alisema vijana wa siku hizi hawajui uchungu wa mali ya watu. Mama mmoja akauliza kama kuna mtu aliyeitazama mashine yenyewe, lakini sauti yake ilimezwa na nyingine. Ikaamuliwa kijana arudishe mashine na alipe gharama ya matengenezo. Alipoulizwa kama ana la kusema, aliinamisha kichwa. Kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni kukiri.

Akairudisha jioni ile ile, ameifuta vumbi. Siku ya tatu yake alipanda gari la Mang'ola kwenda kufanya kibarua katika mashamba ya vitunguu.

Mashine ikapelekwa kwa fundi mmoja mzee, mtengenezaji wa cherehani na baiskeli, siku ya mnada wa tarehe 7. Wazee watatu wa jumuiya waliisindikiza, kwa kuwa walitaka kujua gharama ili wamdai kijana. Fundi hakuiwasha. Aliigeuza kichwa chini, akabonyeza vibanio viwili vya pembeni, kifuniko kikatoka. Akaitoa bobini, akaishika kwenye mwanga. Uzi ulikuwa mnene kuliko kipimo cha kichwa, umeviringishwa kinyume cha mshale, tena umeshindiliwa mpaka ukingoni, mikunjo imepandana kama kuni katika tita lililofungwa gizani. Katikati ulikuwa umeyeyuka ukagandamana.

"Nani aliufunga uzi huu?" fundi akauliza.

Wazee wakatazamana. Mtunza hazina wa jumuiya, mtu mwadilifu kabisa, akajibu, "Ni mimi, Mzee. Niliona tukinunua ule mnene, na tukiujaza wote kwa mara moja, hatutarudi dukani mapema. Nilikuwa natunza fedha ya jumuiya."

"Umefanya kwa nia njema, mwanangu," fundi akasema. "Na kijana ulimfundisha kufungua hapa?"

"Tulimkataza asifungue. Tuliogopa atapoteza vipuri."

Fundi akakata uzi ule kwa kisu, akautupa kwenye ndoo. Kisha akasema neno ambalo wazee wale walilileta kwetu jioni hiyo, nao hawakuwa wametumwa kulileta: "Basi mlimpa cha kugonga mkamnyima cha kufungulia. Mlitaka afanye nini?"

Wapendwa, tumewasimulia habari hii kwa urefu kwa sababu hatujui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi namna watu wema wanavyoweza kumdhulumu mtu. Mtunza hazina hakuiba. Wazee hawakusema uongo kwa makusudi. Kila mmoja alikuwa analinda mali ya yatima. Kitu kimoja tu hawakukifanya, nacho kingewachukua dakika kumi: hawakufungua kifuniko kabla ya kumhukumu aliyekuwa ameshika mpini. Kwa kuwa kasoro ilionekana mkononi mwake, ilidhaniwa imetoka mkononi mwake.

Sasa tuingie majumbani. Kuna mtoto ambaye darasani alikuwa akijibu, na muhula huu hajibu. Mzazi anagonga: anakaripia. Mtoto bado hasemi. Mzazi anagonga kwa nguvu zaidi, na sasa anashika fimbo. Twawafahamu akina baba wasiojua njia nyingine, kwa sababu nao waligongwa hivyo, na mara moja au mbili uzi ukatoka. Lakini ndani ya mtoto yule pana kitu kilichoviringishwa vibaya. Huenda anatembea kilometa sita bila kutia kitu kinywani. Huenda kuna mtu mzima anayemwogofya njiani. Huenda haoni ubao, wala hajui kwamba wenzake wanauona. Fimbo haiwezi kulifikia hata moja kati ya hayo. Fimbo hulifikia gome tu.

Nanyi makatekista, ambao kazi yenu ni ngumu na shukrani zake ni chache, mruhusu tuwaambie neno. Katika kijiji kimoja cha upande wa Mbulumbulu, mvulana mmoja alirudishwa mara mbili asipokee Komunyo ya kwanza kwa sababu hakuweza kusema Nasadiki. Kila alipoulizwa alikwama mstari wa pili. Katekista mpya, mama mwenye subira, alimketisha pembeni akamwuliza amejifunzia wapi kusali. Akajibu: kwa bibi yake. Akamwambia, "Basi nisalie kama bibi anavyosali." Mvulana akaisali Imani yote kwa Kiiraqw, tangu mwanzo hadi Amina, bila kukosa. Uzi ulikuwamo, tena mwingi. Ulikuwa umeviringishwa upande mwingine, nao wakawa wanauvuta kinyume.

Msidhani kwamba hekima hii ni ya majumbani na makanisani tu. Hapo juu yetu, katika kreta ya Ngorongoro, ambayo sakafu yake ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 260, mwaka 2000 kulikuwa na ukame mkali, na mwaka 2001 wanyama wakafa kwa wingi: nyati, nyumbu, simba, hata faru ambao idadi yao ni ndogo mno. Ingekuwa rahisi kusema ni ukame, na kungoja mvua. Wataalamu wakachunguza, wakakuta kupe wengi ajabu katika nyasi, na magonjwa wanayoyaleta katika damu ya wanyama. Wakauliza tena: kupe hawa wametoka wapi? Nyasi zilikuwa ndefu na nzito. Wafugaji wa Kimasai walikuwa wamehamishwa kutoka ndani ya kreta mwaka 1974, na pamoja nao ikaondoka desturi ya kuchoma majani makavu. Moto ule ambao wengi waliudhani uharibifu, kumbe ulikuwa ukiwapunguza kupe. Kuanzia mwaka 2001 uchomaji wa mpango ukarudishwa, sehemu kwa sehemu, nao kupe wakapungua. Hatusimulii hili ili tuhukumu uamuzi wa mwaka ule wa 1974. Twalisimulia kwa sababu watu wale hawakuishia kwenye mzoga. Waliinama wakatazama mizizi ya nyasi.

Na tukiwa tumewataja ndugu zetu Wamasai, hatuna budi kuwaheshimu kwa jambo moja ambalo lingefaa kutundikwa katika kila nyumba yenye fimbo. Kwao majani ni kitu kitakatifu, kwa kuwa ng'ombe huishi kwayo. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mwingereza mmoja, Hollis, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1905 kwamba mtoto akipigwa malishoni, akang'oa majani na kuyashika mkononi, mwenye kumpiga huacha papo hapo. Padre Vincent Donovan wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya utume Loliondo katika miaka ya 1960, naye alieleza jinsi kishungi cha majani kilivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono kuwa ishara ya amani. Tuyafikirie hayo kidogo. Kitu kile kile ambacho sisi twakitazama kama adui wa uwanja, wao wamekifanya kizuizi cha mkono uliokunjuliwa kupiga. Mtoto hakuambiwa ajitetee kwa maneno, maana mtoto anayepigwa hana maneno. Alipewa kitu kilicho karibu naye, chini ya miguu yake, ambacho mkubwa akikiona lazima asimame.

Je, twasema basi kwamba hakuna mkosaji, na kwamba kila lawama ni ya aliyeufunga uzi? La hasha. Injili yenyewe haisemi hivyo. Yule mtunza shamba aliweka mpaka: mwaka mmoja, na baada ya hapo, mti usipozaa, mwenye shamba ataukata. Zipo bobini ambazo ukizifungua wazikuta tupu. Uzi umekwisha, na hapo hakuna ustadi wa kuviringisha utakaosaidia, sharti ununuliwe mwingine. Wapo pia vijana wanaokodisha mali ya jumuiya usiku wa manane. Tukimfungua mtu tukakuta uvivu, tuuite uvivu, na tukikuta wizi tuuite wizi, na mwenye kosa alipe. Lakini hukumu ya namna hiyo huja baada ya kufungua, nayo husemwa na mtu ambaye mikono yake ina udongo. Mwenye shamba alihukumu akiwa amesimama. Mtunza shamba aliomba kuhukumu akiwa ameinama.

Mtauliza habari za kijana. Wazee wale watatu, pamoja na katekista, walisafiri hadi Mang'ola wakamkuta akimwagilia vitunguu. Mtunza hazina alimwomba radhi mbele ya vibarua wenzake, kama alivyokuwa ameshutumiwa mbele ya watu. Kijana aliwapokea vizuri, akawatafutia maji ya kunywa, akasema amesamehe. Lakini mashine hakuichukua tena. Alisema anaipenda kazi ya vitunguu, na labda ni kweli. Sikukuu zikifika humwona katika kiti cha nyuma kanisani. Mashine yaendeshwa sasa na binti mmoja wa jumuiya ile, naye tangu siku ya kwanza alionyeshwa vibanio viwili vya kifuniko.

Tuna dakika chache zimebaki, nasi twajua kwamba jumuiya nyingi zitasafisha makaburi kabla ya Pasaka. Wenye mashine za uzi wafanye hivi. Ijumaa usiku kateni uzi mtakaoutumia mkauloweke katika ndoo ya maji mpaka asubuhi, kwa maana nailoni iliyokaa juani dukani huwa kavu na kukatika ovyo, nayo ikinywa maji hulainika. Tazameni unene uliopigwa chapa kwenye kichwa, msinunue kwa kubahatisha. Safisheni kichwa kwa brashi, mhakikishe springi ipo. Uzi ukunjwe katikati, upachikwe kwenye ufa wa bobini, kisha uviringishwe kwa kufuata mshale, kila upande katika njia yake, kwa kukaza na kwa kupanga mkunjo kando ya mkunjo, bila kupandisha mmoja juu ya mwingine. Msiijaze bobini hadi ukingoni. Acheni ncha za sentimeta kumi na tano hivi nje ya matundu. Mkisha kufunga, vuteni ncha kwa mkono huku mmebonyeza kitufe: zikija kwa ulaini, zitakuja pia kazini.

Watoto wakae mbali, mita kumi na tano au zaidi, kwa sababu mawe hurushwa. Mwendeshaji avae miwani na buti. Na penye miche michanga ya miparachichi au ya mikahawa kando ya makaburi, simamisheni mashine hatua moja kabla ya shina. Uzi ule, japo umebuniwa ili kuyahurumia magome, huvua gome la mche mchanga pande zote kwa nukta moja tu, na mche hukauka baada ya wiki kadhaa bila mtu kujua sababu. Hapo malizieni kwa jembe la mkono. Vipande vya nailoni vilivyokatika viokotwe vyote, maana mbuzi wa majirani huvila.